Boma Halivunjwi Kiangazi

Jua bado halijapanda ukingo wa mlima, na Nailantei anakwangua ukuta wa kanisa kwa ukucha wa kidole gumba. Anakwangua taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe akitafuta kupe. Vumbi linamwagika. Anasogea kidogo, anakwangua tena. Mahali pengine ukucha unaingia mpaka unagusa fito.

"Umekufa huu," anasema, na hasemi na mtu yeyote hasa. Kisha anaupiga ukuta kofi. "Lakini wafu wa namna hii tumeshawafufua wengi."

Ni Jumatano, juma la tatu la Kwaresima. Hapa ni Engarenarok, kitongoji kilicho nyuma ya Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Jina hilo maana yake ni maji meusi, ingawa kwa miezi kadhaa sasa maji yenyewe, meusi au meupe, hayajaonekana. Kilichopo kwa wingi ni upepo. Wenyeji husema upepo wa hapa uliwahi kumnyang'anya padre mahubiri katikati ya sentensi na kuyapeleka Endulen, ambako watu wawili waliokuwa wakinunua chumvi waliongoka bila kujua nani aliyewahubiria.

Jumapili hii halmashauri ya parokia inakuja. Haiji kunywa chai. Inakuja kuamua kama kigango cha Engarenarok, tawi hili dogo la parokia, kiendelee kuwepo au kifungwe, na waumini wake wahamie kigango jirani, ambacho kwa miguu ya mtu mzima ni mwendo wa saa tatu, na kwa miguu ya bibi ni safari ya kuagana kabisa.

"Walisema hapa hakuna kigango," anasema Nailantei. "Walisema kuna bibi na watoto tu. Nikamuuliza aliyesema: bibi na watoto ni nani kwani? Nyani?"

Wachache humjibu Nailantei.

Kitambulisho chake kinaonyesha ana miaka sitini na miwili. Yeye anasema kitambulisho hakikuwepo siku anazaliwa, kwa hiyo kinyamaze. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa ambayo hata akipumzika huwa imekunjwa nusu, kana kwamba imebeba donge la udongo.

Na kazi yake ndiyo hiyo. Kwa Wamaasai kujenga nyumba ni kazi ya mwanamke. Yeye ndiye anayechimbia fito, anazisuka, anazikandika kwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, na nyumba ikisimama ni yake. Mume akija, anakaribishwa. Magazeti hupenda kuandika samadi. Nailantei anasema mavi, na anataka iandikwe hivyo.

"Samadi ni ya shamba," anasema. "Sisi huku kulima haturuhusiwi. Sasa hiyo samadi niipeleke wapi?"

Zamani kila mwanamke alikandika nyumba yake mwenyewe. Siku hizi mabinti waliosoma, wanaouza shanga au wanaofanya kazi hotelini, humwita fundi. Nyumba nzima humpa shilingi elfu hamsini. Kiraka ni elfu tano na robo kilo ya sukari. Kwa fedha hiyo hununua unga mnadani Endulen na kulisha wajukuu watano anaokaa nao, ambao anasema wanakula kama nzige waliobatizwa.

Kanisa hulikandika bure. Aliunyanyua ukuta wake wa kwanza akiwa na mimba ya mwanawe Supeet, pamoja na wanawake wengi wa kitongoji ambao wengi wao sasa wamelala. Waliobaki katika wajenzi wale ni wawili tu: yeye na Namunyak, bibi mwenzake, mwanamke mfupi mwenye meno machache na maneno mengi. Kila mwaka kabla ya masika lazima ukuta ukandikwe upya, la sivyo mvua ya kwanza inaulamba na ya pili inaumeza.

Mwaka huu masika yako mlangoni, halmashauri iko njiani, na mavi hayapo.

Mvua za vuli zilipita Engarenarok kama mgeni asiyetaka kukaa. Zilinyesha upande wa Malambo, na ng'ombe wakafuata majani. Vijana na wanaume wenye nguvu wakafuata ng'ombe. Mabinti na wavulana waliomaliza shule wako Karatu, kwenye hoteli za watalii. Zizini yamebaki mavi ya zamani, makavu.

"Hayo ni ugoro," anasema Namunyak. "Yatakupiga chafya. Kushika hayashiki."

Ndiyo maana siku nane kabla, Nailantei alipanda kilima ambacho watu wa hapa hukiita Mtandao, kwa kuwa ndipo pekee simu inapokamata, akampigia mwanawe aliyeko Malambo. Namunyak alikuwa pembeni, na anayarudia mazungumzo yale kwa sauti mbili, kama mwigizaji.

"Yeyo, takwenya," alisalimu Supeet, kama mtoto anavyomsalimu mama yake.

"Iko. Supeet, leta ng'ombe."

"Kuna nini, yeyo? Nani amefariki?"

"Kanisa linataka kufariki. Nataka mavi."

Supeet alihesabu kwa sauti siku za njiani. Namunyak anasema hesabu ile ilikula salio la shilingi mia mbili.

"Yeyo, ng'ombe hawatembezwi siku zote hizo kwa ajili ya mavi. Watu watanicheka mpaka Loliondo."

"Wacheke. Kicheko hakimkondeshi ng'ombe."

"Na nyumbu je?" Hapo sauti ya Supeet ilibadilika. "Mbuga yote imejaa nyumbu, wanazaa. Nikipitisha ng'ombe pale, nitakuletea ngozi."

Hilo si neno la mzaha. Kila mfugaji wa Ngorongoro anajua kwamba nyumbu anapozaa huacha kwenye majani ugonjwa unaoua ng'ombe, na dawa yake haijapatikana. Msimu huu mtu mwenye akili hukaa mbali na mbuga.

"Pita juu, milimani," alisema Nailantei.

"Juu ni mbali. Kuna baridi. Kuna chui."

"Supeet. Ulibatizwa humu ndani siku ya mvua kubwa. Tone moja tu lilikuangukia, na hilo lilikuwa la Padre. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu ya ukuta na paa lenu, yeyo."

"Kwa sababu ya ng'ombe wa baba yako. Njoo."

"Nitaona."

"Usione. Njoo."

Akakata simu. Kisha akampigia Lilian, mjukuu wake, mtoto wa binti yake wa kwanza, anayetandika vitanda katika hoteli moja Karatu. Lilian alikuwa na habari tayari. Vijana wa Engarenarok walioko Karatu hukutana dukani kwa Hamidi, ambaye huwauzia vocha, huwachajia simu na kuwapa habari za nyumbani bila malipo.

"Koko, bibi yangu, usihangaike na ng'ombe," alisema Lilian. "Sisi tumejadiliana. Tutaleta saruji. Tunaupiga ukuta plasta mara moja, tunamalizana na habari ya mavi kila mwaka."

Namunyak anasema uso wa Nailantei ulibadilika rangi, na si rahisi uso ule kubadilika rangi.

"Saruji juu ya udongo? Unataka kunijengea kaburi nisali ndani? Ukuta wa udongo unapumua. Ukiuvalisha saruji utavimba, uivue yote usiku mmoja. Kaeni na saruji yenu. Na losheni zenu."

Alikata simu mara ya pili. Wakateremka kilima bila kusemezana, jambo ambalo kwa Namunyak ni ugonjwa. Chini kabisa, akashindwa.

"Mama Supeet, nikuambie kitu?"

"Nikikataa utaacha?"

"Wewe ndiye uliyewafukuza."

"Nani?"

"Mabinti. Mwaka juzi Noeli walikuja hapa na nguo zao nzuri, wakavua viatu, wakataka kukandika. Ukawaambia mikono yao inateleza kwa losheni, waende wakamkandike mzungu. Wakaenda. Sasa unalia ukuta hauna watu. Ulitaka nani akurithi? Fisi?"

Nailantei alisimama njiani. Kisha, kwa mujibu wa Namunyak, aligeuka na kukipanda kilima kile tena, kwa hasira, kwa kasi iliyofanya mbuzi waliokuwa wakishuka wampishe.

"Lilian," alisema simu ilipopokelewa. "Usilete saruji. Leta mikono."

"Ipi, koko? Yenye losheni?"

"Hiyo hiyo. Na maji mlete."

*

Alhamisi mchana lori la Hamidi linapanda kwenda Engarenarok likiwa na mapipa ya maji, vijana kumi na mmoja na spika moja kubwa ya kwaya. Hamidi ni Mwislamu, mfanyabiashara wa Karatu ambaye babu yake alikuja na punda mmoja na kilo ya karafuu. Kila juma lori lake hupeleka unga na sukari mnadani Endulen. Kulipeleka mpaka kanisani si biashara.

"Miaka mitatu nyuma lilikwama hapo bondeni kwenye matope," anasema, akifuta jasho. "Bibi hawa walinitandikia ngozi ndani ya kanisa lao nikalala. Alfajiri nikaomba ninyooshewe kidole kibla kiko wapi. Bibi Nailantei akaninyooshea, na akawaambia watoto wasipige kelele. Sasa nikisikia wanafungiwa kanisa nikae kimya?"

Mwaka huu mifungo miwili imekutana, Ramadhani na Kwaresima. Nailantei anatabasamu, akimtazama Hamidi anavyoteremsha pipa.

"Mwanangu, unayumba. Kula basi kidogo."

"Bibi, nimefunga. Na wewe je, si umefunga?"

"Nimefunga. Lakini mimi nilizaliwa nimefunga, nimezoea."

Lilian anashuka wa mwisho. Ana nywele za kusuka na kucha zilizopakwa rangi ya zambarau. Anainamisha kichwa mbele ya bibi yake, kama mtoto wa Kimaasai anavyofanya mbele ya mkubwa, na Nailantei anamgusa utosini. Kisha anazitazama zile kucha.

"Hizi zitatoka?"

"Zitatoka, koko."

"Zikitokea ukutani, ukuta utapendeza," anasema bibi, na hiyo ndiyo radhi pekee aliyoitoa juma zima.

Lakini ng'ombe hawajafika. Alhamisi inapita. Ijumaa asubuhi Nailantei amekaa kwenye jiwe, ameutazama mlima. Watoto wa Shule ya Jumapili wamekaa nyuma yake na mabeseni tupu vichwani, kama kofia. Udongo umeshachimbwa. Maji yapo. Mikono ipo. Katekista Metui, mzee anayeongoza ibada hapa Jumapili ambazo Padre hayupo, ambazo ndizo karibu zote, anapita akisema sala ya Rozari na kuuliza kila baada ya fumbo, "Bado?"

"Ukiuliza tena nitakukandika wewe," anamjibu Nailantei.

Karibu saa tisa, kengele zinasikika.

Zinasikika kwanza kama kitu cha kufikirika. Halafu vumbi linaonekana kwenye shingo ya mlima, na ndani ya vumbi shuka nyekundu. Supeet amekuja na ng'ombe kumi na wanane, wale wenye nguvu tu, na vijana wanne. Wamezunguka milimani siku nne, wakilala kwenye umande. Ng'ombe hakuna aliyekufa. Kijana mmoja amepoteza kiatu, anachosema kimechukuliwa na chui aliyekuwa na baridi.

"Nani amekucheka?" Nailantei anamuuliza mwanawe baada ya salamu.

"Wote."

"Na ng'ombe wamekonda?"

"Kidogo."

"Kwa kicheko?"

Supeet, mwanaume wa miaka arobaini mwenye watoto sita, anacheka mpaka anaegemea fimbo.

Ng'ombe hawapelekwi zizini. Wanalazwa kulizunguka kanisa, mlangoni na madirishani, ili kitakachodondoka kidondoke mahali pake. Watoto wanawafuata na mabeseni, wakikimbilia nyuma ya kila ng'ombe anayeinua mkia, wakisukumana na kulaumiana. Kuna dume moja jekundu ambalo, inasimuliwa, lilibana kabisa tangu lilipofika. Lilisimama limekaza macho kama mtoza ushuru. Watoto wakaliimbia nyimbo za Kwaresima, halikutikisika. Wakaliimbia za Noeli kabla ya wakati wake. Wanaapa kwamba lilipofika "Utukufu" lilitoa mabeseni mawili.

Jumamosi kazi inaanza kabla umande haujakauka.

Wazee wamekuwa na shida. Kukandika ni kazi ya wanawake, na mwanaume wa Kimaasai akionekana na mavi mikononi, rika lake lote linachafuka. Metui amewakalisha wenzake mbali kidogo na kuwaeleza jambo hilo kwa upole na kwa urefu.

"Hakuna aliyewaambia mkandike," Nailantei anawapigia kelele kutoka ukutani. "Nguzo mbili za nyuma zimeliwa na mchwa. Kuchimba shimo nako ni kazi ya wanawake?"

Wazee wanatazamana. Wanainuka. Shimo la kwanza linachimbwa kwa mjadala mrefu kuliko shimo lenyewe, lakini linachimbwa, na nguzo kavu ya mti wa mloliondo iliyokuwa imehifadhiwa kwa Metui inasimama mahali pa ile iliyooza.

Vijana wa Supeet wanasomba mavi kutoka kwa ng'ombe hadi kwenye shimo la udongo. Mabinti wa Karatu wamefunga khanga magotini na wanaukanyaga mchanganyiko kwa miguu, spika ikipiga nyimbo za kwaya yao. Watoto wanabeba madonge. Namunyak anaonja udongo kwa ncha ya ulimi na kusema bado, au basi. Nailantei yuko kwenye ukuta.

Hafundishi kwa maneno mengi. Anamshika Lilian kifundo cha mkono, anaupeleka mkono ule ukutani na kuusukuma, kwa nguvu, kutoka chini kwenda juu.

"Usipapase. Huu si uso wa bwana harusi. Usukume mpaka usikie fito inakujibu."

"Inajibuje, koko?"

"Ukisikia utajua."

Lilian anasukuma. Anasukuma tena. Baada ya mara kadhaa anasimama, mkono ukiwa bado ukutani, na kumgeukia bibi yake. Nailantei anaitikia kwa kichwa na kuhamia upande wa pili, akimwachia ukuta.

Jioni ukuta umefunikwa wote, ila kipande kimoja kidogo kando ya mlango. Mavi yaliisha. Mahali pa chini, ambapo watoto walifikia, kuna viganja vidogo vidogo vimejipiga muhuri. Juu yake ni vya mabinti, na kucha moja ya zambarau iliyobaki humo. Juu kabisa ni mawimbi marefu ya bibi wawili waliosimama kwenye ndoo. Na pembeni, kwa sababu hakuna aliyekuwa akitazama, kuna kwato ya mbuzi.

*

Gari la parokia linafika Jumapili kabla ya saa tano na kuegeshwa pale linapoegeshwa siku zote, upande wa kivuli cha kanisa. Anashuka Padre, kijana mpole aliyechoka. Anashuka Patrisi, mwenyekiti wa halmashauri, na wajumbe wawili. Patrisi ni Mwiraqw wa Ganako aliyeoa binti wa huku na kufungua mashine ya kusaga Endulen. Anajulikana kwa mizani isiyodanganya. Anapita katikati ya ng'ombe kwa uangalifu mkubwa, na bado kiatu chake cha kushoto hakifiki salama.

Misa inajaa. Kanisa lina harufu nzito ya zizi na udongo mbichi. Mjumbe mmoja anaweka leso puani.

Baada ya Misa, Patrisi anasimama mbele. Hana hila usoni. Ana uchovu wa mtu aliyepewa kazi asiyoipenda.

"Mama Supeet, na nyote, nimeona. Nimefurahi. Lakini mnanijua, siwezi kuweka kidole kwenye mizani. Padre ni mmoja, gari ni moja, vigango ni vingi. Naomba niulize tu. Hawa wa ng'ombe wanaondoka lini?"

"Kesho," anasema Supeet.

"Na hawa wa Karatu?"

"Leo," anasema Lilian. "Lori likigeuza."

"Basi Jumapili ijayo humu atabaki nani?"

Namunyak anakohoa. Nje ng'ombe mmoja anajikuna kwenye nguzo mpya, na nguzo haitikisiki.

"Bibi na watoto," anasema Nailantei.

"Ndicho tulichosema," anasema Patrisi, na hakisemi kwa kejeli.

Nailantei anainuka. Hajanawa vizuri, mikono yake bado ina michirizi ya kijani mpaka viwikoni.

"Patrisi, mwanangu, umeoa kwetu. Kiangazi kikikaza, vijana wakaenda na ng'ombe mbali, bomani hubaki nani?"

Patrisi anafikiri, kama mtu anayehisi kamba mguuni lakini haioni.

"Bibi na watoto."

"Mwezi mmoja?"

"Hata minne."

"Umewahi kuona boma likivunjwa kiangazi kwa sababu vijana wamekwenda na ng'ombe?"

"Sijaona."

"Kwa nini halivunjwi?"

"Kwa sababu watarudi."

"Watarudi wapi, likivunjwa?"

Patrisi anakitazama kiatu chake cha kushoto.

"Huyu Supeet amekuja kwa siku nne juu ya milima," anaendelea Nailantei, na sauti yake haipandi, inashuka. "Alikuja kwa sababu kuna mahali pa kuja. Huyu Lilian anasali Karatu kwenye kanisa la vioo, vizuri sana. Lakini akiumwa moyo anakuja huku. Mkituhamisha sisi, bibi na watoto, hamtakuwa mmefunga kanisa la bibi na watoto. Mtakuwa mmewafungia hawa wote. Bibi anakaa na moto. Mtoto anakaa na bibi, anaujua moto. Kijana anakwenda na ng'ombe. Mzee anachimba shimo, akiamua kuchimba. Ndivyo tunavyoishi. Nani kawaambia kanisa linaishi kwa namna nyingine?"

"Kweli," anasema Metui kutoka nyuma, na kushangaa kwamba amesema.

"Na jambo la mwisho. Nyumba ni ya aliyeikandika. Hata mume haivunji. Anayetaka kuivunja hii, anionyeshe mkono wake niutazame."

Macho yote yanakwenda kwenye mikono ya Patrisi. Ni safi, yenye unga kidogo kwenye kucha. Naye anaitazama. Padre anatazama dari.

Kisha Patrisi anafanya jambo ambalo Engarenarok watalisimulia, na kila mwaka watalirefusha. Anavua koti, anampa mjumbe mwenye leso, anatoka nje. Anainama nyuma ya dume jekundu, ambalo siku hiyo halikubana. Anachukua udongo kidogo uliobaki pembeni, anafinyanga, anakwenda kwenye kile kipande kitupu kando ya mlango.

"Kwetu Ganako wanaume hujenga," anasema, akijitetea kwa wazee, ambao wamefunika nyuso.

Anakandika vibaya sana. Anapapasa. Wanawake wanacheka mpaka wanashikana. Lilian anamwambia, "Usukume, baba, huu si uso wa bibi harusi," na Nailantei anamtazama mjukuu wake kwa jicho ambalo hajawahi kumtazama nalo.

Uamuzi unatolewa pale pale nje, Patrisi akiwa ameinua mikono ili isichafue suruali. Kigango kinabaki. Padre atakuja mara moja kwa mwezi kama zamani, na halmashauri itarudi mwakani kutazama tena.

"Tena?" anauliza Nailantei.

"Tena, Mama Supeet. Ndiyo taratibu."

"Njoo na mabuti."

Magari yanapoondoka, la parokia mbele na lori la Hamidi nyuma likiwa limebeba nyimbo, Namunyak anakielekezea kidole kile kiraka cha mwenyekiti kilichokaa kama chapati iliyoungua.

"Tukibandue tukirudie?"

"Kiache," anasema Nailantei. "Mvua ya kwanza itakiangusha. Tutamtumia habari aje akirudie mwenyewe. Mtu mwenye kiraka ukutani hafungi nyumba."

Mpango wake ni mwingine, na hakumwambia mjumbe yeyote. Kila Jumapili watoto wakizidi hukaa nje, upepo ukawala masikio. Lilian ameahidi kurudi Desemba na wenzake kumi. Supeet amesema, mvua ikinyesha vizuri, ng'ombe wote watakuwa nyumbani. Mavi hayatapungua. Nailantei anataka kuongeza chumba, mlango wake ukitazama mashariki, ukuta wa chini ukandikwe na watoto wenyewe tangu siku ya kwanza.

Anakata vijiti vinne kwa panga, anawaita watoto, anapima kwa miguu yake mikavu, na kuvichomeka ardhini upande wa kivuli cha kanisa. Viwili kati ya hivyo vinasimama juu kabisa ya alama za matairi, ambazo vumbi bado halijazifuta.

Namunyak anavitazama vijiti, anazitazama alama.

"Mama Supeet, hapa si ndipo wanapoegesha gari?"

"Ndipo."

"Sasa mwakani watakuja na nini?"

Nailantei anakipiga kijiti cha mwisho kwa jiwe mpaka kizame.

"Watembee," anasema. "Saa tatu si ndizo walizotupangia sisi?"